Muzigo Wenye Mlango wa Chuma

Jumatatu, 6 Juni 2011

Nimeosha kidonda cha Nabintu kwa maji ya chumvi. Nimefunga bandeji. Nikapiga magoti kutafuta pini iliyoanguka, magoti yakagoma kurudi. Mke ana mguu mbovu, mume magoti mabovu, na nyumba yetu hapa Kashojwa ina paa bovu tangu shitingi, lile turubai la msaada, ichanike. Ukituunganisha sote hupati kitu kizima.

Kesho pikapu ya Mbarara, hospitali. Vumbi tena.

Jumatano, 8 Juni

Jana daktari hakuzungusha maneno. Kidonda kinataka kufungwa kila siku na muuguzi, tena mbali na vumbi. Tukiendelea kwenda na kurudi kutoka kambini Nakivale, mwezi ujao atakata mguu chini ya goti. Tupate pa kulala mjini. Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chai.

Nilimwacha Nabintu kwenye benchi, nikatafuta chumba. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wa pili alisikia Kiswahili changu, akauliza kama mimi ni mkimbizi, bei ikapanda nikiwa nimesimama palepale. Wa tatu alisema hapangishi wagonjwa. Nilimwambia mgonjwa ni mmoja tu. Akafunga geti.

Leo nimemwomba Bahati, muuza mitumba wa kijiji jirani cha Misiera, atuulizie chumba Mbarara. Kesho anakwenda kuchukua mzigo wa nguo. Nimempa namba yangu ya simu.

Nabintu amelia kidogo. "Miye niko tu muzigo kwako, Mwalimu." Nimemwambia anyamaze. Nina hasira na dunia nzima isipokuwa yeye.

Ijumaa, 10 Juni

Simu, namba nisiyoijua. Mwanamke. Kiswahili cha kambi ya jeshi, kile kinachochechemea. Nilifundisha Kiswahili kwetu Uvira, Kongo, miaka ishirini na miwili. Nikikisikia hicho naumwa jino.

"Muzee, mimi bibi ya afande, hapa karibu na barracks, Mbarara. Muzigo yako iko. Kuja mbio. Watu mingi nataka."

Nikauliza una ukubwa gani. Mdogo, akasema, lakini una mlango wa chuma, na umeme umo ndani. Simu ikakatika.

Nimekaa nikafikiri. Mdogo. Mlango wa chuma. Umeme. Kaka yangu aliye Australia aliahidi mwaka juzi kututumia kitu.

Ni frigo. Jokofu, kwa Kiswahili sanifu.

Nitaiuza hukohuko Mbarara. Kodi ya chumba imepatikana. Nimefurahi hadi nimemsahihisha mpita njia sarufi bila kuombwa.

Jumamosi, 11 Juni

Nilimwambia Birindwa peke yake, kwa kuwa ni shemasi. Hadi saa sita mchana Kashojwa yote ilijua. Mama Zawadi, jirani, anataka nafasi ya samaki wake wa ziwani. Mchungaji ameuliza kuhusu juisi ya meza ya Bwana. Nimeshindwa kuwaambia kwamba naiuza.

Hakuna aliyeuliza umeme utatoka wapi, na huku hatuna hata waya. Nabintu ndiye ameuliza. "Frigo tutachomeka fasi gani, mu muhogo?" Sipendi anavyonitazama siku hizi.

Bahati hajarudi. Simu yake haipatikani.

Jumapili, 12 Juni

Frigo imeombewa kanisani. Nimeona aibu, lakini nimesema amina.

Jumatatu, 13 Juni

Mwanamke amepiga tena, kwa ukali. Nisipokwenda, muzigo "napatia mutu ingine". Nimemweleza, kwa Kiswahili fasaha, kwamba siku ya hospitali ni Jumatano. Kama ana haraka, aufunge vizuri kwa blanketi, aupakie kwenye pikapu ya Base Camp, huku kambini, usimame wima, usilazwe ubavu.

Akauliza: "Muzee, wewe iko muzima?"

Nimejibu niko mzima, ahsante. Ana adabu kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 15 Juni

Nimefedheheka. Naandika ili iniume vizuri.

Tulikwenda watatu, mimi, Nabintu na Birindwa, na kamba mbili na blanketi. Hospitali kwanza, kisha kwa bibi ya afande. Anaitwa Mama Kato, mwili wake umejaa mlango. Alitupeleka nyuma ya nyumba yake, kwenye mstari wa vyumba, akaonyesha mlango mmoja wa chuma. Birindwa akaanza kuupima kwa kamba. Nikauliza kama frigo imo ndani.

"Frigo gani? Hii ndiyo muzigo."

Katika nchi hii, muzigo ni chumba cha kupanga. Chumba kimoja, ulale humo, upike humo, uzeekee humo. Kila mtu anajua, labda na mbuzi wao. Bahati ndiye aliyempa namba yangu na kumwambia tuna mgonjwa. Miaka ishirini na miwili ubaoni, neno moja limenilaza chali.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke na mtoto mgongoni. Wameingia jana.

Nilikaa juu ya blanketi. Nilikuwa nimeuchezea kamari mguu wa mke wangu, kwa kuwa nilijiona najua Kiswahili kuliko wenye chumba. Sijapata kujichukia hivyo.

Mama Kato alikuwa amejishikiza ukutani kwa kucheka. Akawaita wake za askari, akawasimulia muzee aliyetaka chumba kifungwe kwa blanketi, kisafiri wima. Nao wakajishikiza. Halafu nikasikia kicheko ninachokijua. Nabintu. Tangu Pasaka hajacheka.

Mama Kato akafuta machozi, akaona bandeji. Akaacha kucheka. Akaenda kwenye stoo yake, akaanza kutoa magunia ya makaa.

"Hii si muzigo," akasema. "Hii ni kamuzigo. Utalipa nusu. Kama pesa haiko, nitangoja."

Jumamosi, 18 Juni

Tumehamia. Kamba mbili zimepata kazi: zimeshika blanketi, blanketi limekuwa ukuta. Upande huu kitanda, upande ule makaa yaliyobaki. Nikinyoosha miguu naamka na soksi nyeusi. Dirisha halipo. Hospitali ni mwendo mfupi, hata kwa magoti yangu.

Birindwa alirudi Kashojwa peke yake kukabiliana na watu wa samaki. Nasikia amewaambia frigo imezuiwa forodhani. Shemasi mzima.

Jumanne, 21 Juni

Bahati amefika, simu yake iliibwa sokoni. Amesikia kila kitu. Amecheka akiwa bado barabarani.

Jumatatu, 4 Julai

Daktari amebonyeza kingo za kidonda. Nyama mpya. Hakutaja kukata, nami sikumkumbusha.

Jioni nilipika chai nje ya mlango. Mama Kato akapita na ndoo, akasimama. "Muzee, muzigo iko aje?"

Kabla sijafungua mdomo, Nabintu akajibu kutoka nyuma ya blanketi. "Muzigo iko muzuri, mama. Iko nakunywa chai."

Nimemwongezea sukari.