Neema Amesema Hapana

Mama Neema wangu,

Nimeahirisha kukuandikia tangu mahindi yakiwa machanga. Nilikuwa na wasiwasi, na sikutaka kukupelekea wasiwasi huko ulikolala. Leo nimepumua. Ni habari ya binti yetu na popo wake.

Utakumbuka alipokwenda chuo kikuu kusoma zuolojia ukaniuliza, "Kwa hiyo Baba Neema, atakuwa daktari wa mbuzi?" Nikakueleza mpaka chai ikapoa kwamba daktari wa mifugo humtibu mnyama, lakini mtu wa zuolojia humchunguza anavyoishi: anakula nini, analala wapi, anazaa lini. Ukasema, "Basi anawapeleleza." Hukuuona mwaka wake wa mwisho, lakini neno lako limebaki. Mpaka leo akiulizwa kazi yake, anajibu kuwa ni mpelelezi.

Mwaka huu aliwapeleleza popo wadogo wanaolala darini kwenye shule moja ya Murungu. Watu walitaka wafukizwe moshi, eti ndio wanaomaliza mapapai. Neema akatandika turubai chini yao, akavaa barakoa na glavu, akakusanya kinyesi, akakiloweka na kukitazama kwa hadubini. Hakukuta mbegu ya tunda hata moja. Alikuta miguu ya wadudu na vipande vya mabawa ya nondo, wale ambao viwavi wao hula mahindi yetu. Mimi niliyefundisha baiolojia maisha yangu yote niliisoma kazi ile nikafurahi.

Lakini huko chuoni kuandika hakutoshi. Mwanafunzi husimama ukumbini, huonyesha picha zake ukutani, kisha huulizwa maswali. Siku ya Neema, profesa mmoja mzee aliyekaa mbele alimuuliza, "Binti, hawa ni popo wa kula matunda, siyo?"

Neema akainamisha macho. "Ndiyo, mzee."

Kwa neno moja alikuwa ameifuta kazi yake yote. Mwenzake mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, umewabadilishia chakula saa ngapi?" Wakaangua kicheko.

Alinipigia simu analia. "Baba, yule ni mzee. Ningemwambiaje amekosea mbele za watu?" Kulikuwa na mradi wa wanyamapori uliotaka kuwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho huko Kibondo na kumwajiri mmoja wao. Msimamizi wake wa chuoni alimwambia wazi kwamba akijibu tena vile, bora asipoteze nauli. Naye alikuwa ameshaamua kutokwenda. Angetafuta kazi yoyote, hata ya dukani.

Unajua tulivyomlea. Mtoto hamrudishii mkubwa neno lake. Wale waliomcheka walidhani hajui, kumbe anaheshimu. Sikutaka kuing'oa heshima ile, ila niliogopa isije ikamla.

Alipokuja likizo hapa Kasulu, nikajifanya profesa. Tunachambua maharage, namuuliza, "Popo ni ndege, siyo?"

Anacheka, kisha anakwama. "Baba, unanionea."

"Sema hapana."

"Wewe? Siwezi kukuambia hapana wewe."

Ndipo nikakukumbuka wewe, siku nilipokuja kwenu Heru Juu kukuposa. Mwalimu kijana wa Singida, nimeingia tu na kuanza kutaja shida yangu, sijapiga makofi hata mara moja. Wazee wakanitazama kama mbuzi aliyeingia ndani ya nyumba. Baba yako akasema, "Huyu hata kusalimia hajui. Arudi kwao." Wewe ulikuwa umeleta maji ya kunawa. Ukayaweka chini, ukapiga magoti, ukapiga makofi yale ya taratibu ya Waha wakimwamkia mkubwa, ukangoja mpaka baba yako akaitikia. Kisha ukasema, "Oya, data." Hapana, baba. Ukatoa sababu zako. Hukupandisha sauti, wala hukurudi nyuma.

Nilimsimulia Neema yote hayo. Makofi aliyajua tangu utotoni, ila hakuwahi kufikiri kwamba yanaweza kutangulia neno hapana. Maharage yakakaa pale, hakuna aliyeyachambua tena.

Akaenda Kibondo. Nami nikaenda, nikakaa karibu na mlango. Na nani yuko mbele kati ya waalikwa? Profesa yule yule. Neema alipomaliza, mzee akauliza, "Kwa hiyo hao waharibifu wa matunda tuwatoe darini, siyo?"

Nilishika kiti. Binti yako akakunja magoti kidogo, akapiga makofi. Vijana wawili watatu wakacheka, lakini wenyeji waliokuwa ukumbini wakaitikia kwa makofi yao kabla hawajajua wanaitikia nini. Profesa, mtu wa pwani, akatazama huku na huku, naye akapiga ya kwake.

"Hapana, mzee wangu," Neema akasema. "Naomba nikuonyeshe."

Akairudisha picha ya bawa la nondo. Mzee akavaa miwani, akasogea. "Hili umelitoa kwenye kinyesi chao?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nimekosea. Endelea."

Ni hivyo tu, mke wangu! Kwa profesa kusahihishwa ni kazi ya kila siku. Sisi ndio tuliokuwa tumebeba mlima.

Mradi umemchukua, anaanza mwezi ujao. Na kule Murungu wamekubali kuuahirisha moshi wao mpaka awaeleze vizuri.

Jana jioni nilikaa uani nikiwatazama popo wetu wakitoka chini ya bati, wale niliotaka kuwafukiza ukanikatalia. Nikakumbuka ulivyonikatalia: ulipiga makofi kwanza. Nikakumbuka pia siku nilipotaka kuuza kiwanja, na siku nilipotaka kuomba uhamisho. Makofi. Miaka yote ile, Mama Neema, nilidhani unaniamkia.

Pumzika. Msalimie baba yako, umwambie mkwe wake sasa anajua kusalimia.

Mume wako,
Baba Neema