Vidole Vyangu Viwili Bungeni

Kwako Njoroge, mtoto wa dada yangu,

Hapa mtaani Rhonda tuko, na mvua imenyesha mpaka mbao zangu zimeanza kuota uyoga. Sikuulizi huko vitani kuko aje kwa sababu najua hutanijibu. Ulinitumia ujumbe mmoja tu kwa simu, siku ile Bunge liliponicheka: "Anko, ni ukweli?" Tangu hapo mamako unamwandikia, mimi huniandikii. Basi nakujibu kwa barua, na nimeiacha wazi ili kila mtu aisome, kwa maana ule uongo pia niliusema mbele ya watu.

Kwanza jua kwamba nimechukizwa. Nimechukizwa vile mtu huchukizwa akikuta nzi ndani ya kikombe na chai amekwisha kunywa nusu. Hawezi kuirudisha chai, na nzi anamwangalia.

Unakumbuka Jumapili zetu kule kwenu Kabazi. Nilikuwa nikifika baada ya kanisa, unanipandia mapajani, unashika mikono yangu na kuhesabu vidole kimoja kimoja kama mtu anunuaye mahindi. Ukifika mwisho unasema, "Hapa nane. Mbili ziko wapi, Anko?" Nami nakujibu, "Mbili ziko vitani." Unacheka mpaka unashikwa na kwikwi.

Na vita vyangu vilikuwa vinakua pamoja nawe. Mwanzoni ilikuwa risasi moja tu, imepita. Ulipofika darasa la nne nilikuwa nimeendesha lori lenye majeruhi sita kwa mkono mmoja, na wakati wa kubadilisha gia nilishika usukani kwa meno. Ulipofika darasa la saba, nilikuwa nimembeba kapteni mgongoni tukavuka mto wenye mamba, na mamba wenyewe walitupisha. Nchi sikuitaja, kwa sababu sikujua jina la nchi yoyote yenye vita. Siku moja ukaniuliza, "Anko, uliogopa?" Nikakwambia, "Woga ni wa watu wa vidole kumi."

Hilo neno silisahau. Natamani ningelimeza.

Siku ulipochukuliwa jeshini pale uwanjani Nakuru, ulikuja kwangu karakana moja kwa moja, miguu mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hukwenda kwa mamako kwanza. Ulinisalimia kwa mkono wa kushoto, vidole viwili umevikunja, na ukasema, "Anko, sasa ni zamu yangu." Nilinunulia mtaa mzima chai. Na hapa sijisifu bure, hakuna seremala mwingine Rhonda aliyewahi kufunga kazi saa nne asubuhi kwa furaha.

Halafu wakubwa wetu wakapatana na wakubwa wa nchi nyingine kwamba mtaenda kupigana huko, katika ugomvi ambao hata wenyewe hawajui ulianza na ng'ombe wa nani. Wakasema ni urafiki. Mimi nimekuwa na marafiki wengi, Njoroge, na hakuna aliyeniomba mtoto wa dada yangu.

Mtu mmoja tu wa kwetu alisimama akakataa. Ni mheshimiwa wetu, yule mama aliyekuwa akifunza hesabu kabla ya kuingia siasa. Alileta hoja Bungeni mrudishwe nyumbani. Watu walimtukana hapa. Mimi pia nilimtukana, wacha nisifiche. Niliketi kwa Mama Chebet, yule wa chai anayeuza mkabala na karakana yangu, nikasema huyo mama ni mwoga, hajui vita kama sisi tuliokuwa huko. Sisi tuliokuwa huko. Sikia mdomo huo.

Kisha yule kijana wa jirani yenu Kabazi, mliyeingia naye jeshini siku moja, akaletwa ndani ya sanduku. Mheshimiwa alikuja mazishini bila msafara, akakaa kwenye nyasi na akina mama. Alipopita akisalimia watu akaushika huu mkono wangu, akautazama.

"Mzee, na huu?"

Mamako alikuwa nyuma yangu. Watu wa Kabazi wote walikuwa wananitazama, watu niliowasimulia miaka ishirini.

"Vita, mheshimiwa," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Akaniuliza kama anaweza kulisema jambo hilo Bungeni. Hapo Mungu alinifungulia mlango kabisa, Njoroge, ningesema hapana, sipendi makuu. Mimi nikasema, "Sema. Na jina langu utaje."

Nilienda Nairobi na koti la harusi. Nikaketishwa juu, kwenye viti vya wageni, na askari mmoja akatuonya tusipige makofi wala kukohoa ovyo. Mheshimiwa alisimama na karatasi moja tu. Akasema, "Mheshimiwa Spika, pale juu ameketi mzee wa eneo langu. Aliacha vidole viwili katika vita vya watu wengine, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama vinamuuma baridi ikija. Leo mtoto wa dada yake yuko katika vita vingine vya watu wengine. Tunangoja aache nini?"

Wabunge walioletwa kupinga waliangalia viatu vyao. Nikainua mkono juu ili waone, na nitakwambia ukweli kwa sababu barua hii ni ya ukweli: nilifurahi. Wewe ulikuwa kwenye risasi na mimi nilifurahi kuonekana.

Mjadala haukwisha siku hiyo, uliahirishwa hadi Alhamisi. Katikati hapo picha zangu zikazunguka kwa simu kila mahali, na huko Elburgon mtu niliyefanya naye kazi ya kupasua mbao akaziona. Akaandika chini yake, kwa nia njema tu, masikini: "Huyu ni mwenzetu wa kiwandani. Msumeno ulimkata nikiwepo. Salamu, ndugu."

Alhamisi nilikuwa karakana, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa vanishi. Mama Chebet alikuwa ameleta vikombe, na mteja mmoja alikuwa amekuja kuona kitanda chake. Akasimama mheshimiwa wa upande wa pili, mwenye tai nyekundu, uso unang'aa kama chapati.

"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Shujaa wa mwenzangu alipigana na mti."

Wakacheka. Akasoma ule ujumbe wa Elburgon polepole, akauliza, "Tunaomba kujua, huo mti ulikamatwa? Au bado uko msituni na silaha?" Wakagonga viti. Watu wazima, wenye suti, wanafuta machozi kwa vitambaa.

Mteja wangu akanigeukia. "Fundi, si uliniambia ni bomu?"

"Mimi aliniambia ni mamba," akasema Mama Chebet.

"Mamba wa wapi?"

"Wa vitani. Alisema walikuwa upande wa adui."

Wao hawakucheka. Mama Chebet alikusanya vikombe, na changu pia akakichukua kikiwa bado kimejaa.

Mheshimiwa wetu alijaribu kuendelea. Aliuliza nani aliwatuma, mtarudi lini, wale waliokufa wamekufia nini. Kila akifungua mdomo mtu mmoja kule nyuma analia kama msumeno, zzzz, na Bunge linaangua kicheko tena. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali lake. Walicheka vidole vyangu ili wasiulizwe juu ya miguu yenu. Spika alipoita wanaosema Ndio, nilisikia sauti chache za kuhesabika. Alipoita wanaosema La, simu yangu ilitetemeka juu ya mkebe kwa kelele yao.

Nilitema mate pale kwenye maranda. Nilichukizwa na ile tai nyekundu, na mpaka leo nikiona chapati inayong'aa kwa mafuta siili. Nilichukizwa na watu ambao kijana akifa wanaleta shada la maua na akiwa hai wanalia kama msumeno. Lakini nzi ndani ya chai nilimweka mimi.

Ujumbe wako ulifika jioni hiyo hiyo. Nikaizima simu.

Kesho yake nikaenda Kabazi. Mamako alikuwa shambani anachimbua viazi, hakuinuka.

"Dada, nisikilize."

"Miaka ishirini nimekusikiliza."

"Ulijua ni msumeno. Mbona hukuwahi kumwambia?"

Akafuta udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba, polepole, kama anakiosha uso. "Nilidhani ni hadithi ya kumlalisha mtoto," akasema. "Kumbe mtoto hakulala."

Nilishika jembe nikachimba naye mpaka mwisho wa mstari.

Kwa mheshimiwa nilikwenda wiki iliyofuata, ofisini kwake hapa Nakuru. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa. Alinipa kiti tu, akaniambia hoja iliyoanguka hairudi upesi, lazima muda wa kanuni za Bunge utimie, lakini yeye ataileta tena.

"Walisema tumedanganya juu ya vita," akasema. "Mzee, andika ukweli wote, uweke sahihi. Nitausoma pale pale waliposimama kucheka."

"Watacheka tena, mheshimiwa."

"Wacheke. Wakimaliza nitawauliza tena lilelile swali."

Nikarudi nikashika kalamu. Nikaandika "Waheshimiwa," na mkono ukakataa. Siwezi kuwaita hivyo. Ndiyo maana nakuandikia wewe, Njoroge, na wao wakisikiliza, basi wasikilize kama watu wanaochungulia barua ya wenyewe.

Huu ndio ukweli. Sijawahi kuvaa sare yoyote isipokuwa ya shule, na hiyo niliivaa mpaka darasa la sita. Nilikuwa kijana wa kiwanda cha mbao Elburgon. Asubuhi hiyo nilikuwa najisifu, unanijua. Niliwaambia wenzangu naweza kusukuma gogo la msonobari kwenye mashine kwa mkono mmoja huku nikila ndizi kwa mkono mwingine. Gogo lilikuwa na fundo. Msumeno ulipofika kwenye fundo, gogo likaruka, mkono ukabaki. Sikumbeba kapteni. Mimi ndiye niliyebebwa, juu ya lori la mbao, na njia nzima nilikuwa nikilia nikimwita dada yangu, mamako, kwa jina la utotoni. Niliogopa sana. Na bado ninaogopa msumeno ule kila asubuhi ninapowasha wangu.

Vidole vyenyewe hatukuviona. Vilibaki kwenye maranda, na maranda ya kiwanda yalikuwa yanauzwa kwa wafugaji watandikie kuku. Huko ndiko viliishia. Hakuna bendera iliyovifunika.

Kwa hiyo usiniwekee heshima ya askari huko uliko. Usifanye jambo lolote la ushujaa kwa ajili yangu. Mkubwa akiuliza nani anajitolea kwenda mbele, wewe kumbuka kuku wa Elburgon na ubaki nyuma. Ukiogopa, ogopa vizuri, jifiche vizuri. Nilikudanganya, mtoto wangu. Woga ni wa watu wote, na wale wa vidole kumi ndio wenye kitu cha kulinda.

Mheshimiwa anaingia nayo barua hii. Sijui kama watasikiliza. Lakini siku utakaposhuka pale Kabazi nitakuwa nimesimama kwenye lango la mamako, na kabla hujaingia nitaishika mikono yako nihesabu, kimoja kimoja, na nisipofika kumi nitaanza upya.

Uliniuliza, "Anko, ni ukweli?" Na kabla ya hapo, ukiwa mapajani mwangu, uliniuliza mbili ziko wapi.

Hapa nane, Njoroge. Mbili ziko Elburgon.

Ni mimi anko wako, niliyekatwa na msumeno.