Foto ya Baba Yako na Ile Ikoni

Eliane, mjukuu wangu,

Chai iko kwenye termosi, viazi nimevifunika kwa sahani. Nimeenda kwenye mgao wa chakula kabla mstari haujawa mrefu.

Alfajiri niliamshwa na kompyuta yako, ti-ti-ti, nikauliza unafanya nini. Ukasema, "Ninachagua aina ya faili, Koko. Foto ya papa JPG, ikoni ya kwaya PNG." Mimi nikasikia ikoni tu! Nikapiga kelele kwamba sisi Waprotestanti hatuweki ikoni, picha za watakatifu, kwenye kwaya. Ukacheka: "Ni kale kapicha kadogo ka ngoma ka kubonyeza kwa simu, Koko. Hakuna mutu atakaabudu." Kisha ukaenda kuchota maji. Nisamehe kelele zangu. Na blanketi yako uliyonifunika usiku, niliiona.

Lakini hiyo JPG inanitia hofu. Ulisema inapunguza kidogo ili foto iwe nyepesi kutumwa. Inapunguza fasi gani, sehemu gani ya uso? Baba yako ana kovu dogo chini ya jicho, na wanaotafuta waliopotea vitani watamtambua kwa hilo. Foto nyingine ya baba yako Appolinaire hatuna.

~~Usiitume.~~ Itume, lakini kwanza ikuze utazame kovu. Likiwa limefifia, tuma PNG isiyopunguza kitu, hata ikichelewa kufika. Na ile foto ya kwanza iache nzima kama ilivyo.

Ukisafiri leo, ukifika mjini Mbarara unipigie. Na usingoje mpaka upate habari za baba yako ndipo uje. Rudi unitembelee hata mikono mitupu.

Koko wako