Siku Niliyowatisha Watu wa Ringwani

Ringwani,
Wilaya ya Serengeti, Mara.
Jumatatu, 4 Agosti 2025.
Asubuhi ukungu mwepesi na upepo wa baridi. Jua limetoka saa mbili na nusu.

Mpendwa shangazi Theodosia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia huko Nakuru, na lile goti lako halikusumbui tena. Binamu Evance aliniambia umeanza kwenda kanisani kwa miguu, nikafurahi sana. Hapa nyumbani tu wazima. Kaka yako amemaliza kupura mtama. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini hataki kabisa kuitwa mgonjwa.

Ningeweza kupiga simu, ila mambo ya Jumamosi ni marefu. Yote niliyaandika kwenye shajara yangu kwa saa zake, kwa hiyo nakunakilia.

Kikundi chetu unakijua, maana kilianza na ile kompyuta uliyoniletea Krismasi ya mwaka juzi. Sasa tuko kumi na mmoja. Tunaandika maagizo, kompyuta inachora: miduara, mistari, rangi zinazobadilika ukigusa kitufe. Hatuuzi kitu, tunachora kwa sababu tunapenda. Tumekuwa tukikutana nyuma ya duka la steshenari ninapofanya kazi, lakini mwenye duka amepata mpangaji na mwisho wa mwezi huu tunatoka.

Kilichobaki ni chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wetu, mzee Machage, alitupa sharti moja. Tufanye siku ya wazi, wanakijiji waje waone. Wakija, chumba ni chetu kila Jumamosi. Wasipokuja, kinawekwa mbolea. Na hapo kikundi kingekwisha, shangazi, maana mahali pengine penye umeme hatuna.

Nikapanga. Unanijua. Wiki sita kabla nilishajua kila kiti kinatoka kwa nani na kinarudi lini. Kompyuta tulipata sita, projekta tuliazima shuleni kupitia mwalimu Athanas, yule wa kutoka Bukoba, na shuka jeupe la mama tukalipigilia ukutani.

Kosa lilikuwa kwenye tangazo, na ni langu mwenyewe. Watu wa fani hii maagizo ya kompyuta huyaita "kodi". Nilitaka neno fupi linaloandikika kwa Kiswahili, nikaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA KODI YA UBUNIFU, OFISI YA KIJIJI, JUMAMOSI SAA TATU, WOTE MNAKARIBISHWA. Nililisoma mara nne kutafuta makosa ya tahajia. Halikuwa na hata moja. Likabandikwa kwenye mashine ya kusaga na kwenye zahanati, na likasomwa makanisani.

Najua umeshaanza kucheka.

Jumamosi saa tatu, viti arobaini, mtu hakuna. Saa nne vilevile. Mwenyekiti alifika, akasimama mlangoni mikono nyuma, akatazama viti, akatazama dari.

"Mwalimu, humu mbolea itaingia mifuko mingapi?" alimuuliza Athanas, wala hakuwa anatania.

Ndipo akapita Vedasto wa bodaboda. Alisimama bila kuzima pikipiki.

"Dada Rhoda, mmeleta kodi gani tena hiyo? Mama Bhoke kafunga mgahawa tangu alfajiri. Fundi baiskeli kaaga anakwenda shambani, na hana shamba!"

Mwalimu Athanas alicheka mpaka akakaa chini. Wiki sita za kupanga, na watu wote wamejificha kwa ajili ya neno nililolichagua mwenyewe.

Mtu mmoja tu hakujificha. Mzee Kisyeri, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliingia amevaa koti lake la harusini, bahasha ya kaki kwapani.

"Mimi sidaiwi," alisema hata kabla sijamwamkia. "Stakabadhi zote hizi hapa. Ila hiyo ya ubunifu sijawahi kuisikia. Inatozwa kwa ng'ombe au kwa kichwa cha mtu?"

Nilimwamkia, nikamweleza, hakuamini. Nikaona maneno yameshaniharibia vya kutosha. Niliwasha projekta, nikamwomba anitajie fahali wake anayempenda kuliko wote, alivyo.

Kwa haraka nikakosea namba moja. Nundu ikatokea kiunoni.

"Huyo ni ng'ombe au punda kabeba gunia?" Akasogeza kiti mbele. "Nundu juu ya mabega, binti! Pembe ya kushoto imeinama. Taratibu, unamkata sikio!"

Kila alilosema niliandika, na fahali akabadilika machoni pake. Mwishoni niliongeza mstari mmoja, fahali akaanza kutembea ukutani. Mzee Kisyeri akavua kofia.

"Kumbe unaituma tu, nayo inakwenda," alisema.

Bahasha akaiacha kwenye kiti, akapanda pikipiki ya Vedasto kwenda mnada wa ng'ombe. Sikumtuma mimi. Alichotangaza huko nimekisikia kwa watu watatu, na wote wanasema hivyohivyo: "Hakuna kodi! Kuna ng'ombe ukutani!"

Kufika saa saba nilihesabu watu themanini na wanne, wengine madirishani. Kila mmoja na fahali wake. Kikundi kizima kiliandika bila kupumzika, na waliokuja wakaanza kushika vitufe wenyewe. Mama Bhoke hakutaka ng'ombe. Alitaka sufuria yake ya supu, mvuke ukipanda. Mwalimu Athanas alipoweka mvuke mdogo akamfokea, "Mwalimu, supu gani hiyo? Imelala tangu jana!" Mwalimu aliukuza mara tatu ndipo mama akaridhika.

Mwenyekiti alizunguka kompyuta zote sita, kisha akaja kwangu.

"Watu wameacha mnada, wamekuja kutazama ng'ombe wasiouzwa. Haya, nimeona. Lakini kitu hiki kinamsaidia nini mtu?"

Swali hilo nilikuwa nimeliandalia majibu ya kurasa mbili. Sijafungua hata karatasi, mzee Kisyeri akageuka.

"Machage, wewe ukipiga nyuzi za litungu lako harusini, nani aliwahi kukuuliza linasaidia nini?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti alijizuia kidogo, akashindwa, naye akacheka.

Saa kumi na nusu, watu walipopungua, alichomoa ufunguo mmoja kwenye fungu lake. "Kila Jumamosi," akasema. "Na mfagie wenyewe." Kwa Machage hiyo ni hotuba.

Nisalimie mzee wako Modestus, binamu Evance na watoto wake wote. Kaka yako anasema akipata mtu wa kupitia mpakani Sirari atakuletea mtama. Mungu akulinde utokapo na urudipo, na goti hilo alishike mkononi mwake.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,
Rhoda.

Nyongeza: huwa unaniuliza kama napumzika. Shajara ya Jumamosi, mstari wa mwisho: nalala saa mbili na dakika kumi usiku, viatu mguuni, ufunguo mkononi.