Dawa Niliyoitia Saini

Jumapili, 7 Septemba 2025

Wamepiga simu kutoka spitali! Nimekubaliwa kwenye ile dawa mpya ya sikoseli. Miaka thelathini na moja na maumivu haya mifupani. Miaka sita ya ndoa, mimba mbili zimetoka. Na leo — nimekubaliwa!

Safwan alikuwa anapiga pasi dishdasha, kanzu yake ya kazini. Nikamwambia, mume wangu, wamenichagua. Akauliza, kwa nini wewe? Kwa sababu naumia kuliko wengine, nikasema. Sijui nimeyatoa wapi. Hakuna aliyeniambia hivyo.

Mama kwenye simu alilia. "Nnakuombea, mwanangu. Ukishapona tu, mtoto atakuja."

Ukishapona tu.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Chumba baridi, AC mpaka mwisho. Bi Mahfoudha, muuguzi wa utafiti, mtu wa makamo na Kiswahili chake cha Unguja, alivua shali lake akanifunika. Kisha akanisomea karatasi. Kurasa kumi na mbili! Mwanangu, akasema, huu ni utafiti, si matibabu. Hatujui kama dawa inafaa. Ndicho tunachotafuta.

Alisema na mengine. Nilikuwa namtazama mdomo tu. Akili yangu ilikuwa kwenye kitanda cha mtoto, nimeshakiweka karibu na dirisha.

Kimoja nilikisikia vizuri: nisishike mimba mwaka mzima, maana haijulikani dawa itamfanyaje mtoto tumboni. Mwaka! Lakini mwaka si kitu. Dawa, kupona, mtoto — ndivyo nilivyojipangia.

Akataka nimweleze kwa maneno yangu nilichofahamu. Nikasema, mtanipa dawa, mtaniangalia. Hakuridhika. Akarudi ukurasa wa nne, akausoma tena polepole. Nami: ndiyo, ndiyo, nimefahamu. Nikatia saini kila alipoonyesha kidole.

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Wiki nne bila maumivu! Vidonge viwili kila asubuhi. Ngazi zetu za Darsait nazipanda zote, ghorofa ya tatu, sisimami.

Ijumaa tulikwenda Qantab. Ufukweni kulikuwa na mama anamkosha mwanawe mchanga, kijitoto kinapiga kelele, kinateleza mikononi. Nilimtazama mpaka Safwan akanivuta mkono. Tuliporudi nyumbani hakuna aliyekumbuka masharti ya karatasi. Mara hiyo moja tu. Leo sikumwambia Bi Mahfoudha. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu.

Nikisubiri zamu nilikaa na binti mmoja, Lujain, mwanafunzi, naye yumo kwenye dawa hii. Maumivu yamemshika mara mbili tangu aanze. Huenda vyangu ni vile vitupu, akasema. Vitupu vipi? Akanishangaa. Nusu yetu tunapewa vidonge visivyo na dawa ndani, ili walinganishe. Hujasoma ukurasa wa nne?

Nikacheka. Nilidhani hajui anachosema.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Nimeusoma. Upo. Saini yangu chini yake, nzuri, haijatetemeka.

"Huenda usipate faida yoyote." Nani apewe nini, kompyuta imepanga kwa bahati tu. Hata daktari hajui.

Kwa hivyo hakuna aliyenichagua.

Na kama vyangu vitupu, mbona siumwi? Nimevimwaga kitandani, nikavitazama kimoja kimoja. Vyeupe. Vyote sawa. Ya Rabbi, viwe vya kweli.

Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Siku kumi na mbili nimechelewa.

Safwan hajui. Vidonge bado nameza. Nikiacha, maumivu yatarudi, na mimba hii itatoka kama zile mbili. Nikiendelea —

Nimeuliza bei ya vitanda vya watoto. Kuuliza tu. Nimetoka dukani mbio kama mwizi.

Jumatano, 5 Novemba 2025

Naandika hapa hapa spitali, kwenye kiti.

Mistari miwili kwenye kipimo.

Bi Mahfoudha hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alifunga mlango, akakaa karibu yangu. Nikamwambia yote: Qantab, kuchelewa, vidonge mpaka asubuhi ya leo.

"Basi leo ndiyo mwisho wa kumeza, mwanangu. Daktari anaomba wafungue siri, tujue ulipewa nini."

"Na kama ni vya kweli?"

"Itamfanyaje mtoto? Hakuna ajuaye."

Hakuna ajuaye! Wiki nne nimeomba viwe na dawa. Sasa naomba viwe vitupu, vitupu kabisa, na kule kupona kwangu kuwe bure, sikutaki. Maumivu yarudi hata leo. Nimpate huyu tu.

Safwan amepiga mara tatu. Sijapokea. Nitamwambia nini kwanza — kwamba atakuwa baba?

Daktari bado yuko kwenye simu, nasikia sauti yake nyuma ya mlango. Bi Mahfoudha ameniletea karatasi nyingine. Wanaomba ruhusa waifuatilie mimba, waandike kila kitu, mpaka mtoto azaliwe. Si kwa ajili yako wala ya mtoto, amesema, ni kwa watakaokuja baadaye. Ukikataa, utatibiwa vilevile. Safari hii nimemsikia.

Amesema nisifanye haraka. Niko ukurasa wa pili, nasoma kila neno.