Mto Wetu Unaishia kwa Watu

Jumatatu, 10 Machi

Nepi za Elia tangu asubuhi. Mtoto wa miezi mitano, kuchafua kwake kama watoto watatu. Mgongo unauma. Maji machafu nimemwaga mtoni kama kawaida, povu likashuka mpaka kwenye kona ya mawe makubwa, likapotea. Napenda kuliangalia likienda. Ndiyo mapumziko yangu. Linaenda ziwani, nadhani. Miaka minane nimeolewa hapa na sijawahi kupita ile kona. Shuleni tulikariri Rufiji, Ruvuma, Pangani. Huu wetu hakuna aliyetufundisha. Hata jina sijui kama unalo. Hapa kwetu ni mto tu.

Binti yangu Kabula kavuka kwenda shule. Daraja letu ni magogo mawili na kamba ya kushikia. Nasimama hadi afike ng'ambo anipungie mkono, ndipo narudi kwenye beseni.

Mama mkwe kapalilia mchicha bila kupumzika. Ng'ombe wa Mama Shija wameshuka ng'ambo kunywa maji, mama akasonya. Mwaka jana ng'ombe hao walivuka wakamaliza bustani yake ya viazi. Hakuna aliyekuja hata kusema pole. Tangu siku ile kaapa hatakula wala kunywa cha nyumba ile. Mimi sina ugomvi na Mama Shija, ila sijawahi kumsalimia. Naishi kwa mama mkwe.

Baba Kabula yuko Mwaloni, kwenye soko la samaki, anabeba magunia ya dagaa. Atarudi Jumamosi.

Nashukuru kwa jua. Nepi zimekauka zote.

Jumanne, 11 Machi

Huku kwetu jua, vilimani kweusi. Mchana niliusikia mto kabla sijauona. Nikakimbia na Elia mgongoni. Magogo hayapo. Kamba haipo. Maji rangi ya chai ya maziwa, yanabeba mgomba mzima na mizizi yake.

Watoto wanne wa upande wetu wamebaki ng'ambo. Watatu wana shangazi zao kule. Kabula hana mtu.

Jioni mwalimu kapiga simu. Kabula yuko salama, kachukuliwa na mama wa rafiki yake wanayekaa dawati moja. Nikauliza, mama nani. Mama Shija.

Nilimwambia mama mkwe. Kaenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wameshalala.

Jumatano, 12 Machi

Nilitaka kuzunguka kwa bodaboda, nipite lami. Haiwezekani. Nyuma ya ng'ambo kuna korongo linaloshuka kutoka upande wa Kisesa, nalo limejaa, kalavati limekatika. Kwa hiyo wale wako katikati ya maji mawili, mbele yao ziwa. Kisiwa. Miaka yote hii naitazama ng'ambo, sikujua kama ina umbo hilo.

Mama Shija kapiga simu. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Akampa Kabula, Kabula akalia tu. Nikamwita jina mara mbili, akazidi kulia. Mama Shija akarudisha simu sikioni: "Mama Kabula, simu haimsaidii huyu. Jioni njoo mtoni nikuonyeshe mwanao."

Nikaenda. Mama Shija kapanda juu ya jiwe, Kabula mabegani kwake. Mtoto kavaa gauni la Shija, linamvuka magoti. Kapakwa samli, anang'aa kama kikaango. Mto unanguruma, hakuna neno linalovuka. Mama Shija akaonyesha mdomo, akaonyesha tumbo. Amekula. Mimi nikaweka mkono kifuani. Kisha nikamnyanyua Elia juu ili dada yake amwone. Kabula akapunga mikono yote miwili.

Nimemshukuru Mungu, na huyo mwanamke. Simfahamu na amempaka mwanangu mafuta.

Mama mkwe alisema ana kazi, haji. Lakini kanga yake niliiona nyuma ya migomba.

Alhamisi, 13 Machi

Imenyesha tena. Kila mtu anasema mto huu hujaa siku moja tu halafu unashuka. Haujashuka.

Jioni, mtoni. Kabula hakuwa mabegani. Alikuwa mgongoni kwa Mama Shija, kichwa kimelala. Hakupunga mkono. Mama Shija akamgusa paji la uso, akarudisha mkono haraka kama aliyegusa sufuria jikoni.

Homa.

Nikapiga simu palepale. Imeanza adhuhuri, ametapika mara kadhaa. Kule wana panadol tu. Duka la dawa na zahanati viko upande wetu. Jirani mmoja akasema ajifunge kamba aogelee na dawa. Mama mkwe akamkatalia: "Mto huu ukichukua haurudishi." Nikajua anasema kweli, na nikamchukia kwa kusema kweli.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu sina wa kumwambia. Kila mtu hapa ananiambia nijikaze.

Nilimpigia baba yake. Akakata, nikadhani ana mzigo kichwani. Baadaye kapiga yeye. Kumbe kawauliza watu wote pale Mwaloni. Kuna mama muuza sato anatoka mdomoni mwa mto wetu, pale unapoingia ziwani. Yule mama kasema, "Kwetu maji yamelala. Mto ukifika kwenye mafunjo unachoka." Mdogo wake ana mtumbwi, atavusha. Ila lazima mtu amteremshe mtoto mpaka kule, kwa miguu, kwenye ukingo wa ng'ambo. Baba Kabula atatangulia kule kusubiri.

Nikampigia tena Mama Shija. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuombea. Sikuyamaliza. "Kukipambazuka natoka naye. Na wewe toka. Tutakuwa tunaonana tukitembea."

Nikamwambia mama mkwe: mama, kesho naenda, na nikifika nitamsalimia Mama Shija na kumshukuru, hata kama wewe upo. Sijawahi kusema naye hivyo. Akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kanga. "Nani kakukataza?" Kumbe viazi ni vya safari. Na yeye anakwenda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimechoka mpaka vidole. Lakini nisipoandika leo nitasahau njia.

Tulitoka umande haujakauka. Elia mgongoni, mama mbele na fimbo. Ng'ambo Mama Shija na Kabula mgongoni. Tunakwenda sambamba, mto katikati. Nikisimama anasimama. Nikinyanyua mkono ananyanyua. Mikono ya Kabula inaning'inia tu.

Tukapita bustani za kabichi. Tukapita ile kona ya mawe. Mimi niliyeolewa huku miaka minane nilijihisi nimeingia nchi ya watu. Nyuma ya kona kuna wafyatua tofali, matanuru yao yanatoa moshi, mashimo yamejaa maji. Wakatushika mikono kutupitisha kwenye mbao. Mmoja akauliza tunatoka wapi, nikamwambia pale juu kwenye magogo. Akawaita wenzake: "Njooni muwaone watu wa povu." Kumbe wanatuita hivyo. Kila siku povu langu linapita kwao wakikoroga udongo. "Leo mmeamua kulifuata wenyewe?" Nikacheka na machozi yananitoka. Hao hao wakampigia kelele Mama Shija ng'ambo, wakamwonyesha kwa mikono wapi pana shimo, wapi apite. Wao mto wanauita Udongo Mwekundu. Mama akaniambia ng'ambo wanauita Lamboni, kwa sababu ndipo wanaponyweshea ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. "Hukuwahi kuuliza."

Kisha mafunjo. Marefu kuliko mtu. Ng'ambo ikapotea.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Sioni mtu. Naita Kabula, mafunjo yanameza sauti. Nilifikiri tope limewachukua. Elia analia, maziwa ya kumpa hayatoki. Nikakaa chini. Mama hakunibembeleza. Alisimama, kageuza sikio.

Mluzi. Ule wa kuchungia, mrefu, unapanda mwishoni. Mama Shija.

Mama mkwe akaweka vidole viwili mdomoni akajibu. Mluzi ule ule. Sikujua anajua. Kumbe kalelewa zizini, kachunga mpaka alipoolewa. Kule wakajibu. Mama akajibu. Tukatembea hivyo ndani ya mafunjo, hatuonani, wanawake wawili wasiosalimiana wanapigiana mluzi. Nikiusikia wa ng'ambo nasogeza mguu mmoja. Ukikawia nasimama.

Tukatokea mdomoni. Mto mpana, mzito, hauna haraka. Kama mama aliyemaliza kazi. Baba Kabula alikuwa majini hadi magotini. Mwenye mtumbwi alikuwa ameshavuka kuwapokea, tukaona kasia lake, halafu kitambaa chekundu cha Mama Shija, halafu kichwa cha mwanangu.

Nilimpokea. Wa moto. Akasema, "Mama, Elia amekua." Siku tatu tu.

Miguu ya Mama Shija imechanwa na mafunjo, damu na tope. Kiunoni kafunga kibuyu cha maziwa mgando aliyombebea Kabula, mtoto akayakataa. Nikamshukuru kama nilivyosema. Nikamshika na mkono. Kisha akamgeukia mama mkwe, akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hata mwenye mtumbwi aliacha kufunga kamba.

Mama akasema, "Hao ng'ombe wako wanakamuliwa, au kazi yao kula viazi vya watu tu?"

"Wanakamuliwa, mama. Viazi vyako ndivyo vilivyoongeza maziwa." Kisha, polepole: "Nilichelewa kuja kusema pole. Niliogopa."

Mwenye mtumbwi ndiye aliyeanza kucheka. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono wazi, kuelekea kibuyu. Akanywa. Kwa muda mrefu. Akafuta mdomo kwa kanga, akanipa mimi. "Kunywa, unanyonyesha." Halafu akafungua kile kifurushi, akampa Mama Shija viazi. Wakakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakala.

Nikiwa nasubiri bodaboda ya kutupeleka zahanati nilimwona mama mmoja akichota maji pale mdomoni. Alisukuma povu kwa kata, akachota, akajitwika. Ya kupikia.

Jumamosi, 15 Machi

Malaria. Dawa mseto. Usiku ameomba uji. Nimekaa namwangalia akila, nikashindwa kula mimi. Baba yake kalala sakafuni karibu na kitanda chake, na kandambili miguuni.

Mama Shija kavushwa tena jana ile ile, ana ng'ombe wa kukamua. Mama mkwe kauliza mara mbili kama amefika. Amefika.

Asante, Mungu. Sina zaidi.

Jumapili, 23 Machi

Maji yameshuka. Wanaume wa pande zote mbili wameweka magogo, sasa matatu. Wafyatua tofali walileta kamba mpya. Kabula anavuka kesho. Nilitaka kumzuia wiki nyingine. Moyo unakataa. Lakini shule ni shule, na ng'ambo siyo tena mahali asipo na mtu.

Nimemfundisha: akikuta vilimani ni kweusi asivuke, alale kwa Mama Shija. Mama mkwe akadakia, "Na asisahau kusalimia."

Jumamosi, 29 Machi

Kabula karudi na kibuyu. Alikuwa amepeleka viazi vya bibi yake. Inakwenda hivyo sasa, viazi vinavuka, maziwa yanavuka.

Jioni tulivu. Nimefua nepi. Nilichota maji nikapanda nayo juu, mbali na ukingo, nikafulia kwenye beseni. Machafu nimeyamwaga kwenye shina la mgomba. Mgongo unauma zaidi hivi. Kabula akauliza kwa nini nahangaika na mto uko pale.

Nikamwambia kuna mama kule chini anapika.

Mto umepita kwenye kona ya mawe, msafi, na mimi nimekaa kuuangalia ukienda.