Kitufe cha Kutuma

Jumanne, Karatu

Kumbe tatizo halikuwa mtandao wa kule kijijini Olbalbal. Ni kazi yangu mwenyewe kwenye tovuti.

Asubuhi Mzee Koinet, mfugaji wa huko, alipiga simu hapa kwenye duka letu la dawa za mifugo. Ng'ombe wake wanakohoa tangu wiki iliyopita. Aliomba daktari kupitia tovuti yetu, akangoja, na sisi hatukupata kitu.

"Mzee, ulibonyeza kutuma?"

"Binti, nilijaza kila kitu. Chini kuna neno la Kizungu. Nikadhani ni tangazo, nikaliacha."

Nikafungua ukurasa wa Kiswahili. Maelezo yote yapo sawa, ila kitufe kimeandikwa Submit. Maneno ya vitufe hayatoki kwenye kurasa ninazotafsiri, yanatoka kwenye kiolezo cha tovuti, yaani ule muundo wake uliotengenezwa tayari. Tafsiri zake nilikuwa nimeziweka ndani ya folda ya kiolezo hichohicho, na nilipokisasisha mwezi uliopita zikafutika zote. Sikuangalia.

Nimeziandika upya na kuziweka kwenye folda nyingine isiyofutwa kiolezo kikisasishwa. Sasa kinasomeka Tuma.

Mchana daktari wetu aliteremka Olbalbal. Anasema ni homa ya mapafu. Ndama mmoja alishakufa, waliobaki wamechomwa sindano. Mzee amenipigia tena kunishukuru, na hilo ndilo limenikera kuliko yote.

Jioni nimepitia maombi yaliyoingia tangu siku niliyosasisha kiolezo. Yote yametoka ukurasa wa Kiingereza. Kutoka ule wa Kiswahili hakuna hata moja, na mimi nilikuwa nadhani mifugo ya watu ina afya.